Waliokula Mbegu

Mwaka 1972, nikiwa na miaka minane, ndipo shida zilipoanza. Tulivuka mto Malagarasi kutoka Burundi tukikimbia mauaji, mama mbele, sisi watoto nyuma, na katika pindo la kitenge chake alikuwa amefunga maharage ya rangi zote: mekundu, meusi, ya njano, yenye madoadoa. Upande wa Tanzania tukapewa jembe, panga na kipande cha pori, tukaambiwa tulime. Tulililia fundo lile kwa njaa. Mama akatuchapa. Majirani walipika ya kwao wakashiba, na mvua ilipokuja wakaanza kuzunguka mikono mitupu.

Tuliwaita waliokula mbegu. Pale kambini hapakuwa na tusi zito kuliko hilo. Na aliyekuja kuomba mbegu hakupewa akiwa amesimama tu. Alishika jembe kwanza, akamlimia mwenye mbegu mpaka jua likae utosini, ndipo akafungua mdomo. Mama aliwatazama wakilima kama anayetazama mbuzi wa watu. Nilipenda sana kumwona akitazama hivyo.

Shule nilifika darasa la tatu. Mengine nimejifunza kwa mikono, na simwombi mtu radhi.

Huku Stockholm, Uswidi, nina kipande cha bustani cha kukodi, karibu na Farsta, katikati ya vipande vingine vyenye vibanda vya mbao. Majirani zangu hawalimi, wanacheza. Mtu ananunua sanduku, analijaza udongo wa dukani, anaotesha saladi tatu, kisha anakaa kwenye kiti cha kukunja anazipiga picha. Mwezi wa tisa anang'oa karoti kama vidole vya mtoto mchanga na kuita watu waje waone. Mimi nalima kwa jembe la nyumbani, mpini nimechonga mwenyewe. Wakipita hapo wanapunguza mwendo, kama kuna sarakasi.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa mzee wa kipande cha jirani, Mzungu mstaafu mwenye ndevu nyeupe. Majani yamemfika magotini, yeye anasoma gazeti. Mwaka huu mwezi wa tano nilimpa konzi moja ya maharage yangu, maana aibu ya kutazama ardhi yake tupu ilikuwa inanipata mimi. Akayaotesha kwenye nguzo ya baraza yake. Yalipotoa maua akaniita kwa furaha. "Tazama, mazuri!" Nikamwuliza atayala lini. "Kuyala? Hapana, hapana. Ni ya maua." Nikaondoka bila kuaga. Mtu anapewa chakula anakitazama!

Maharage hayo ndiyo ya mama. Yalipofika huku mara ya kwanza yaligoma. Yalipanda juu ya fito yakakataa kuchanua mpaka baridi ikayaua. Mashina machache tu yalikomaza maganda. Nikachukua ya hayo machache, nikaotesha tena, mwaka hata mwaka, nikichagua kama mtu anayemchagulia mwanawe mke. Sasa yanakauka kabla ya barafu. Ya namna hii hayapo tena hata Burundi. Ukileta ya kule leo, yatagoma upya. Ndiyo maana kila mwaka kuna mistari miwili nyuma ya kibanda ambayo haiguswi. Inakaukia kwenye fito. Hiyo ni mbegu.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nikapasuliwa goti. Nikalala kwangu Bredäng kama gunia, na ufunguo wa bustani nikamwachia binti yangu anayefanya kazi Kista, kwenye maofisi yale yale niliyokuwa nikipiga deki. Siku hizi yeye ana meza yake huko. Meza anayo, akili ya shamba hana. Ufunguo akawapa akina mama wa kanisani.

Kiongozi wao, mwanamke wa watu mwenye sauti ya kwaya, akaja kunijulia hali na bakuli la moto. Maharage mabichi, yamepikwa na ndizi. Nikala. Miaka mingi sijala maharage mabichi, maana yangu huwa nayaacha yakauke.

"Mama, tumekusaidia," akasema. "Tumevuna kabla baridi haijaharibu."

"Mmevuna upande wa mbele."

"Na wa nyuma, mama! Yale ya nyuma ya kibanda ndiyo yaliyonona. Maganda bado laini. Watu kanisani walikuwa wanatokwa machozi. Wamekumbuka nyumbani."

Kijiko kikabaki hewani. "Mmebakiza kiasi gani?"

"Tubakize ya nini? Kazi nusu sisi hatufanyi."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Ngozi, mama, kule kule Burundi."

"Na mama yako hakukufundisha mbegu ni nini?"

Akacheka, akidhani ni utani. "Mbegu zimejaa dukani Farsta, mama yangu. Na picha juu ya pakiti!"

Nikamwambia achukue bakuli lake aende. Mzungu angeyaacha, maana hajui kuwa maharage mabichi ni matamu. Wametumalizia watu wetu wenyewe, kwa hamu ya kwao. Binti nilipompigia simu akajibu kwa Kiswidi kwamba ni maharage tu. Nikakata. Kisha nikakaa nikitazama ukutani, kwa sababu kinywani bado nilikuwa na ladha yake. Na mimi nilikuwa nimeyala.

Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu penye mbegu ile. Nilijua tangu dakika ile, na nilikasirika kujua.

Goti liliponiruhusu nikapanda treni ya chini ya ardhi nikiwa na fimbo. Nguzo ya mzee ilikuwa imefunikwa maganda makavu yanayogongana kwa upepo. Hakuyala, hakuyavuna, hakuyang'oa. Uvivu mtupu! Yeye alikuwa kwenye gazeti lake. Sikumsalimu. Nikachukua jembe langu nikaingia kwenye majani yake nikaanza kulima.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nalima."

"Lakini goti lako..."

"Goti ni langu. Soma."

Hakusoma. Alisimama pale barazani muda wote, ameshika gazeti kifuani. Nikampigia matuta manne, nikapanda humo vitunguu saumu vyake vilivyokuwa vinachipua kibandani mwake, nikayafunika majani makavu. Jua la huku halifiki utosini mwezi wa tisa. Nililima mpaka lilipofika linapoweza. Ndipo nikafungua mdomo.

"Nimekuja kuomba mbegu."

"Hizi? Si ni zako! Ungeniambia tu, nisingekuacha uteseke."

Sikumweleza. Angefanya hadithi ya kusimulia kwenye kahawa. Alinichumia mwenyewe, polepole, na ganda lililoanguka aliinama kuliokota. Hilo nililiona.

Leo nina hivi: nyumba ya kupanga Bredäng, vyumba viwili; goti moja langu na moja la chuma; jembe moja; kibanda cha mbao kisichovuja; kopo la kahawa la mzee, nusu yake maharage ya rangi zote, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu; na ufunguo wa bustani, mmoja tu, uko shingoni mwangu.