Oumouri na Treni ya Majaribio

Oumouri alizaliwa Mahajanga, Madagaska, katika familia iliyotoka Ngazidja, lakini reli aliijulia kisiwani Nosy Be. Aliajiriwa huko na kiwanda cha sukari cha Dzamandzar akiwa na miaka kumi na tisa, kukaza nati kwenye njia ya vitreni vya miwa. Ujuzi huo ukampeleka mbali na bahari, hadi njia kuu ya kutoka mji mkuu, Tananarive, kwenda bandari ya Tamatave. Mwaka 1963 alikuwa mkaguzi wa kilomita kumi na moja za njia hiyo, kona tupu ndani ya msitu. Mkewe, Echata, alibaki Mahajanga na watoto.

Mwaka huo iliamuliwa treni ya abiria ifupishe safari kwa saa moja na nusu. Kwa miezi minne kikosi cha Oumouri kilibadilisha mataruma yanayobeba reli, kikamwaga kokoto mpya na kuinua reli ya nje kwenye kila kona, ili treni iliyokuwa ikipita kwa kilomita thelathini na tano kwa saa ipite kwa hamsini. Mhandisi mkuu, Mfaransa, alipima mwenyewe akaridhika. Siku ya majaribio ikapangwa.

Kabla ya siku hiyo mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi yenyewe Oumouri alitoka na mwenzake, Ibouroi, kukagua mara ya mwisho. Kwenye kona moja alikanyaga taruma, tope likaruka kati ya kokoto. Akakanyaga la pili. Tope tena. Chini, udongo ulikuwa umegeuka uji.

"Itapita," alisema Ibouroi kwa Kimalagasi. "Jana ya mizigo ilipita."

"Ya mizigo ilikwenda polepole."

"Ukiisimamisha bure, kaka, kazi huna. Wamo wakubwa wa serikali mle."

Treni ilikuwa imeshatoka stesheni, na simu haikuwepo karibu. Oumouri alichukua mkoba wa fataki, zile zinazolipuka zikikanyagwa na magurudumu ili kumwonya dereva, akakimbia kuielekea treni. Kwa mwendo wa zamani, mita mia nne zilitosha kuisimamisha. Kwa mwendo huu mpya hakuwa na hakika. Akazipita mia nne, akaendelea, kifua kikimwaka, mpaka aliposikia reli zikivuma. Akafunga fataki mbili juu ya reli, akaruka kando na kupunga bendera nyekundu.

Milipuko ikafuatana. Breki zikalia, mabehewa yakampita yakitetemeka. Treni ilisimama hatua thelathini kabla ya kona.

Mhandisi akashuka, uso umemwiva. "Nani amekuruhusu?"

"Bwana, njoo ukanyage mwenyewe," alijibu Oumouri kwa Kifaransa.

Mhandisi akakanyaga. Tope likamrukia suruali. Akasogea mbele, akakanyaga tena. Kwa amri yake abiria walishushwa wakatembea kwa miguu, na treni tupu ikavuka kwa mwendo wa mtu, reli ikididimia na kuinuka, huku midomo ya Oumouri ikicheza kwa dua. Ilifika Tamatave ikiwa imechelewa kuliko treni ya zamani.

Wiki mbili alisubiri barua ya kufukuzwa. Alishamwandikia Echata kwamba huenda akarudi nyumbani. Badala yake wakaja vibarua arobaini kuchimba mtaro wa maji, pamoja na amri: hakuna treni itakayozidi thelathini na tano pale mpaka Oumouri atie sahihi.

Alitia sahihi mwezi wa saba. Treni ya kwanza ya kasi ilipopita, alisimama kando ya njia. Ilimpita kwa sekunde chache, na hakuna abiria aliyemtazama. Ibouroi alipiga makofi. Oumouri aliketi kwenye nyasi.