Nilimwalika Baba, Watoto Wakabaki Mlangoni

Nawaandikia nimejificha nyuma ya jiko, kwa maana barabarani naona haya kutoka. Mjomba wangu anauza intaneti hapa Kasongo, na juzi aliniachia rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti, kwa sababu nilijisifu kuwa fundi. Nilikuta orodha ndefu ya njia zinazoruhusiwa kupita: ya shule, ya hospitali, ya soko. Nikazifuta zote, nikaandika moja tu, ile kubwa inayozibeba zote ndani yake, yenye anwani 10.20.0.0/16. Kwetu ukimwalika baba kwenye harusi, nyumba nzima inakuja.

Rauta haikukulia kwetu Maniema, haijui desturi hiyo. Ilipitisha njia ile niliyoitaja peke yake, na ndogo zilizo ndani yake ikazifukuza, maana sikuandika kwamba nazo zipite.

Asubuhi shule ikakosa intaneti, siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani wa serikali. Wanafunzi wakajaa uani kwetu, dada yangu Zawadi, mwanafunzi mwenzao, analia.

“Ni mvua,” nikawaambia. “Satelaiti imelowa.”

Mjomba akafungua rauta, akakuta mstari mmoja tu. “Nani alifanya hii kazi?”

Mama akanijibia mbele ya wote: “Si injinia wako huyu? Yule wa mvua.”