Mzee Twalib Alivyopanda Jukwaani Kumtuza Bushra

Tangu Mayasa afariki, Mzee Twalib alizungumza na makochi kuliko watu. Alikuwa fundi wa makochi pale Jeppestown, Johannesburg. Mtu akileta kochi lililochanika, Twalib alilipindua, akalipapasa tumbo, akasema, "Njoo Ijumaa." Basi. Kusoma hakujua, na kochi halikumtaka asome.

Maneno ya nyumbani yalikuwa ya Mayasa. Ndiye aliyemlea mjukuu wao, Bushra, kwa kuwa mama wa mtoto alikuwa kazini Cape Town. Ndiye aliyekwenda kwenye mikutano ya wazazi. Bushra alipoanza kucheza michezo ile ya shule, ambamo watoto husema kidogo, wakaimba, wakacheza, kisha wakasema tena, ni Mayasa aliyekaa ukumbini akipiga makofi. Twalib hakuwahi kufika. Shuleni hakuna aliyemjua.

Mwaka huu shule nyingi za Johannesburg zilishindania tuzo za michezo hiyo. Mchezo wa kina Bushra ulichaguliwa, na yeye mwenyewe akachaguliwa miongoni mwa waigizaji bora. Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Newtown, kila aliyechaguliwa angeimba wimbo mmoja mbele ya majaji.

"Babu, wewe utakuja?" Bushra aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza; mtaani alisema Kizulu, shuleni Kiingereza.

"Nitakuja."

"Vaa smati, Babu."

"Mimi huvaa vibaya lini?"

"Ile kofia iko na gundi. Hapana, Babu. Eish."

Wakacheka. Chumba kile kilikuwa kimesahau kicheko.

Siku ilipofika akavaa kanzu, akatupia koti juu. Ukumbini watu walikaa gizani, kimya kama matangani. Akatoka Bushra. Aliigiza mama aliyefiwa na mwanawe, anakunja nguo za marehemu moja baada ya nyingine huku anaimba. Maneno ya wimbo yalimpita Twalib. Nguo hazikumpita. Za Mayasa zilikuwa bado zinaning'inia nyuma ya mlango. Mkono wake ulikuwa umekataa kuzigusa.

Sasa, mtu wa Tanga akiimbiwa mpaka moyo ukamwuma, haketi. Kwao unainuka, unakwenda polepole, bega hili mbele, lile nyuma, noti umeiinua juu watu waione. Unamtuza mwimbaji usoni au shingoni, unarudi mahali pako. Ukikaa na noti yako mfukoni, umemtukana. Mayasa mwenyewe alikuwa mwimbaji wa harusini kule Ngamiani, na Twalib alianza kumposa kwa kumtuza.

Akainuka. Hakuamua yeye, miguu iliamua. Akashuka ngazi za ukumbi kwa madaha, noti juu, machozi chini. Nyuma yake mtu alipaza sauti. Twalib akadhani anashangiliwa, akaongeza bega.

Bushra alimwona anapanda jukwaani. Macho yakamtoka, lakini aliendelea kuimba. Twalib akaibandika noti shavuni pake, palepale ilipobandikwa maiki ndogo kama punje ya mchele. Maiki ikang'oka. Spika zikapiga ukelele uliowafanya watu wazibe masikio. Sauti ya Bushra ikasikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kisha haikusikika kabisa.

Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikaja mbele kama maji. Simu zikainuliwa. Vijana wawili wakasimama, wakawa wanayaigiza mabega yake.

"Huyu ni nani?" jaji mmoja aliuliza kwa Kiingereza. "Unamjua?"

Bushra alimtazama babu yake.

"Simjui," akasema.

Kiingereza cha Twalib kilikuwa haba, lakini hicho kilimtosha.

Mlinzi akamshika kwapa. "Hawu, mkhulu," alimwambia, kwa lile neno la Kizulu la kumwita babu, "hapa si harusini." Akamtoa hadi ngazi za nje, akamwachia hapo.

Punde akatoka mwalimu wa muziki wa kina Bushra, Jemimah, Mkenya, anahema.

"Mzee, wacha nikuulize, na uniambie ukweli. Wewe ni wa Bushra? Sheria ya hapa ni hivi: jamaa ya mshindani akivuruga, mshindani anatoka. Akivuruga mpita njia, mshindani anarudia wimbo. Yeye amesema hakujui."

Twalib alitazama viatu vyake. Alikuwa amevipiga rangi asubuhi.

"Simjui, mwalimu," akasema. "Nilipotea njia."

Jemimah alimtazama kidogo, kanzu ile na koti lile, akarudi ndani mbio.

Mlango ulikuwa haufungiki sawasawa. Wimbo ukaanza upya, ukamfikia kwa vipande. Aliusikiliza ameiegemea nguzo, mikono ameifungia kwapani, isije ikamtia aibu tena. Baadaye majina yakatajwa, na moja lilikuwa la Bushra. Makofi yakalia hata mlinzi akapiga ya kwake. Twalib hakupiga. Mtu asiyemjua mtoto anampigiaje makofi?

Watu wakaanza kutoka. Akavuka barabara, akasimama karibu na robot, ile taa ya magari, kama anayengoja iwake kijani. Upande wa pili washindi walipigwa picha na wazazi wao: mama na mashada ya maua, baba na tai. Bushra alisimama peke yake na kikombe.

"Na wako, Bushra?" Jemimah akaita. "Umekuja na nani?"

Bushra akatazama ng'ambo ya barabara. Twalib akageuka, akampa mgongo. Akautazama ukuta. Ulikuwa umebandikwa tangazo la mganga, lina picha ya mkono.

Akasikia viatu vinakimbia.

"Babu. Mbona unanipa mgongo?"

"Nenda. Wanakuona."

"Nilisema sikujui."

"Ulisema vizuri. Na mimi nikasema hivyo hivyo."

"Wewe pia?" Bushra akasogea mbele yake. "Mwalimu alikuuliza, ukasema hunijui?"

Bushra akamshika mkono, ule ulioing'oa maiki, akaanza kumvuta.

"Bushra, niache. Watakunyang'anya kikombe."

"Wachukue."

"Nyanya yako angependa ubaki nacho."

"Nyanya hangesema hanijui."

Hilo likamkata nguvu za kubisha. Akavuka, ameinamisha kichwa, anaburutwa kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Wale vijana wa mabega walikuwapo. Mmoja akanyanyua simu. Bushra akamtolea neno la Kizulu, naye akaishusha.

"Mwalimu," Bushra akasema kwa Kiswahili chake kibovu, kwa sauti ya juu, "huyu ni babu yangu. Mimi nilidanganya. Yeye alidanganya sababu yangu."

Kina mama wenye maua wakageuka. Jemimah akakiangalia kikombe.

"Itabidi niwaambie majaji."

"Najua."

Bushra akamkabidhi kikombe. Mwalimu akakipokea kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mzee, akainama kidogo, akatoa salamu ambayo Wakenya huitoa kwa nadra.

"Shikamoo, Mzee."

Twalib alifungua kinywa. Marahaba haikutoka.