Bibi Lidia wa Foleni ya Mkate

Haijanitoka akilini, mwanangu, ile siku nilipomwambia ajuza wa miaka themanini na ushei anyamaze, eti kwa sababu nasoma historia. Wewe unanijibu kwa Kiswidi nami naendelea na Kiswahili changu. Haidhuru, najua unanielewa. Kaa hapa.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Stockholm. Nilikuwa nimekimbia vita kwetu Uganda, nimepanga chumba mtaa wa Akalla kwa Mama Njeri, Mkenya aliyekuja kusoma akaolewa na kubaki. Asubuhi na mchana niliwahudumia wazee majumbani kwao. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, maana nilitaka kuingia chuo cha uuguzi kule Flemingsberg. Lililonikaba koo lilikuwa somo la historia. Mtihani ulikuwa wa mdomo, swali moja tu: nini kilisababisha mapinduzi ya Urusi?

Miongoni mwa wazee wangu alikuwamo Bibi Lidia wa mtaa wa Rissne, mjane, miguu imemvimba, hasimami bila kushikwa. Adhuhuri moja supu yake ya viazi ilikuwa jikoni, nami nimefungua kitabu mezani, midomo inacheza.

"Unasoma nini?" akauliza.

"Mapinduzi ya Urusi."

"Aa. Nilikuwepo. Mama yangu alikuwa..."

"Bibi, tafadhali, nyamaza kidogo. Nasoma historia."

Akageuzia uso dirishani, na nilipompa supu yake akaila. Nami, mjinga wa wajinga, nikafurahi kwamba nimepata utulivu.

Siku ya mtihani nilimwaga yote niliyokariri: ukabaila, ubepari, tabaka la wafanyakazi. Mwalimu, mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini taabu ilikuwepo miaka mingi. Kwa nini watu waliinuka wakati ule? Na askari wenye bunduki, kwa nini hawakuwazuia?"

Nikarudia yale yale ya ukabaila. Akanipa wiki tatu nirudi, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho kabla chuo hakijafunga maombi.

Nyumbani nilimsimulia Mama Njeri nikilia, na katika kulia huko likaniponyoka lile la Bibi Lidia. Akaacha kukanda unga wa chapati.

"Ati ulimwambia nini?"

"Anyamaze. Nilikuwa..."

"Zainabu, wewe! Mtu ameona na macho yake, unamfunga mdomo ndio usome karatasi? Hata kama hungekuwa na mtihani, huyo ni mama ya watu. Kesho uende umwombe msamaha. Na usiombe sababu unataka kupita. Omba sababu umekosa."

Nikaenda. Nilivua viatu mlangoni, nikapiga magoti mbele ya kiti chake kama tulivyolelewa kwetu. Maskini akashtuka, akadhani nimeanguka!

"Nimekukosea, Bibi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Inuka. Kaa, nikwambie."

Akaniambia, siku baada ya siku, huku nikimkanda miguu. Kwamba alipokuwa angali mtoto wa kubebwa, wafanyakazi waliandamana na sanamu zao takatifu na barua ya kumwomba mfalme wao, Tsar, awahurumie, wakapigwa risasi. Baba yake alirudi bila mdogo wake. Kwamba babu zake kijijini walilima maisha yao yote, na ardhi nzuri ikabaki ya bwana mkubwa. Kwamba vita vilipokuja, kaka yake alipelekwa mstari wa mbele bila bunduki, akaambiwa aokote ya atakayekufa. Treni zikabeba askari, unga ukakwama mikoani. Mama yake, mfumaji wa kiwandani, alitoka zamu akaenda kusimama kwenye foleni ya mkate katika barafu, akafika mbele na kuambiwa umekwisha.

"Siku moja wanawake wakaacha mashine," akasema. "Wakapita wakiviita viwanda vingine. Mimi nilimshika mama sketi. Askari walipotumwa, mwanzoni wako waliopiga, na watu walikufa. Lakini wengi walikuwa vijana wa vijijini, na mama zao walikuwa maskini kama sisi. Wakakataa kutuua. Hapo Tsar akawa hana mtu, akaachia kiti, ikaja serikali mpya."

"Na wakomunisti, Bibi?"

"Hao walishika nchi baadaye, mwaka ule ule. Serikali mpya ilikuwa imeendelea na vita, ikasema ardhi ingoje. Wao wakaahidi amani, ardhi na mkate. Watu waliochoka wangekataa nini? Yaliyofuata yalitutoa machozi tena, ndiyo maana nilikimbia, na leo unaniona Rissne."

Wiki tatu zilipotimia nikarudi kwa mwalimu. Safari hii nilianza na mwanamke mmoja kwenye foleni, nikapanda taratibu kutoka kwake hadi kwenye kiti cha Tsar. Aliponiuliza habari za askari, nilijibu kabla hajamaliza swali. Akaweka kalamu mezani.

"Haya umeyasoma wapi?"

"Sikuyasoma. Nimeambiwa na aliyekuwepo."

Akasimama, akanipa mkono. "Umefaulu. Na umefaulu vizuri sana."

Nilipanda treni ya Rissne nikicheka peke yangu, Waswidi wananitazama. Bibi Lidia aliposikia, alijiinua mwenyewe kitini, akanishika mabega na kupaza sauti kwa Kirusi! Nikampigia Mama Njeri kwa simu ya Bibi, vigelegele vyake vikajaa chumba, na Bibi naye akajaribu kuviiga. Vuli ile nikaanza chuo. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na sijawahi kumkatiza mgonjwa anayesimulia.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Aliyeyaona mambo akifungua mdomo, funika kitabu kwanza. Utakifungua tena ukiwa na maswali mazuri zaidi. Na siku utakapopewa madaraka, hata ya watu wawili, wasikilize wangali wanakuomba kwa upole. Wale wa Petrogradi, mji wa akina Bibi Lidia, waliomba kwa barua, wakaomba kwa foleni, hakuna aliyetoka kuwasikia.

Mungu akupe moyo wa kukiri kosa mapema, akuinue mbele ya watu, na furaha niliyoipata mimi mlangoni kwa Bibi Lidia ikupate wewe mara saba. Amina.