Kinyozi Aliyekitibu Kiti Miaka Mitano

Kinyozi asiyeweza kuinua mkono hana kazi. Fondo Changawa wa Magongo, Changamwe, alikaa miaka mitano bila kuweza kuinua mkono wake wa kulia kupita kifua.

Shati alivalishwa na mkewe. Akila, alishusha uso kwenye sahani. Lakini kibanda hakukifunga. Alichofanya ni kumwita seremala aje akate miguu ya kiti.

Leo ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Kibanda chake cha mabati kando ya barabara ya Magongo kimejaa, watano kwenye benchi na wawili mlangoni. Fondo, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, amesimama wima nyuma ya kiti. Kichwa kilicho mbele yake ni cha Jacktone, dereva wa trela, mtu mrefu kuliko mlango wa kibanda.

"Usitikisike," Fondo anamwambia.

"Sijatikisika, mzee. Ni wewe unanitekenya."

"Nikutekenye kwa bega la milioni?"

"Si ulisema ni nusu milioni?"

"Kwako wewe ni milioni. Inama."

Benchi zima linacheka. Fondo anaupeleka mkono mpaka utosini mwa Jacktone na kuipitisha mashine polepole, mbele hadi nyuma, bila kupumzika. Mwaka jana hilo lingemtoa machozi.

Bega liliharibika kabla hajawa kinyozi. Alipotoka kwao Kaloleni akiwa kijana, alipata kibarua cha kupakua mahindi katika ghala moja hapa Changamwe. Kilo tisini kila gunia, bega lile lile la kulia, miaka kumi na mitatu. Kisha akajifunza kunyoa, kazi aliyoiona nyepesi.

"Nilijiambia mashine haifiki hata kilo moja," anasema. "Kumbe bega lilikuwa limeshakwisha, lilikuwa halijaniambia tu."

Maumivu yalipoanza alidhani ni baridi. Akakandwa kwa mafuta ya moto. Akachomwa sindano. Akanunua mashine nyepesi zaidi. Mkono ulipogoma kufika kichwani pa mteja, ndipo akamwita seremala. Alikata inchi mbili. Baadaye inchi mbili nyingine. Mara ya tatu alikata inchi tatu, na wateja wakawa wanakaa karibu na sakafu, yeye amewainamia kama mtu anayepalilia.

Jacktone, aliyekuwa mteja wake kwa miaka tisa, alikaa magoti yakiwa masikioni.

"Nilimuuliza, mzee, wiki ijayo utaninyoa nikiwa nimelala? Hakucheka," Jacktone anakumbuka. "Sikurudi tena. Ukweli ni huo, nilimtoroka."

Wengine wakamfuata. Kutoka vichwa ishirini na tano kwa siku, kwa shilingi mia moja kila kimoja, Fondo alibaki na sita, vingi vya watoto.

Mkewe, Dama, ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari Wanjiru, bingwa wa mifupa, aliwaonyesha picha ya bega. Gegedu, ile sehemu laini inayozuia mifupa ya kiungo isigusane, ilikuwa imelika yote. Mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Daktari alipouliza amefanyaje kazi na bega la namna hiyo, Fondo alimweleza habari za seremala.

"Mzee Fondo," daktari akamwambia, "miaka mitano umekuwa ukikitibu kiti."

Dawa hazingeweza kurudisha kilicholika. Kichwa cha mfupa kingetolewa na kuwekwa cha chuma, na pale kinapokaa pawekwe plastiki ngumu. Daktari hakumficha kitu. Gunia hatabeba tena, na mnazi hataukwea. Maumivu yangepungua sana, lakini hakuna aliyeweza kumwapia kwamba mkono utafika kichwani pa mteja.

Hapo Fondo akakwama. Pesa zingetoka kwenye minazi thelathini aliyoachiwa na baba yake Kaloleni. Kwao mtu huweza kuuza minazi na ardhi ikabaki yake, lakini si jambo la kufanya kwa mchezo.

"Niuze minazi ya baba kwa mkono usio na hakika?" alimuuliza mkewe.

Dama hakuzunguka. "Baba Mbeyu, hiyo minazi itakuvalisha shati? Maana mimi nimechoka."

Akauza. Upasuaji ulichukua zaidi ya saa mbili. Kwa wiki sita mkono ulining'inia kwenye kitambaa shingoni. Baada ya hapo akapewa zoezi la kuupandisha ukutani kwa vidole, vikitambaa kama kaa. Kila Jumapili Dama alipiga mstari wa penseli pale vidole vilipofika.

Mistari ilipanda, kisha ikakwama usawa wa bega. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, pale pale.

"Nilikuwa nikiugusa ule ukuta naiona minazi," Fondo anasema. "Naihesabu mmoja mmoja."

Jumapili ya nne Dama hakuleta penseli. Alileta mashine ya kunyolea, akakaa kwenye kiti cha mezani, kiti ambacho hakikuwahi kukatwa, akavua kilemba.

"Ninyoe," akasema.

"Wewe mwanamke una wazimu? Nywele zote hizo?"

"Zitaota. Ninyoe, wala usiniachie kidoto cha nywele utosini."

Alianza kisogoni. Akapanda juu ya masikio. Alipofika utosini alisimama kidogo, akavuta pumzi, mkono ukapita. Hakuacha kidoto.

"Nilipomaliza yeye alikuwa anacheka, mimi nalia," anasema.

Habari za kipara cha Dama zilimfikia Jacktone. Akaja na kipande cha bomba la chuma, akamwomba mchomeleaji wa jirani akigawe vipande vinne na kuvichomeka kwenye miguu ya kiti. Kikapanda inchi saba kamili. Akawa wa kwanza kukikalia.

"Nilimwambia, mzee, leo magoti yangu yako nyumbani kwao," anasema.

Siku hizi Fondo ananyoa vichwa ishirini na viwili kwa siku, na shati anavaa mwenyewe. Anaweka kidogo kidogo anunue kiti cha kanyagio. "Kiwe kinapanda na kushuka chenyewe. Mimi kushuka nimemaliza."

Bega liligharimu shilingi laki tano na elfu themanini na tano. Bima ililipa laki mbili na nusu. Minazi thelathini ilitoa laki moja na elfu ishirini. Ng'ombe wawili wa Dama, elfu tisini. Mchango wa kanisa na majirani, elfu sitini na tano. Akiba yao yote, elfu sitini. Juu ya hayo, miezi mitano bila kunyoa mteja, na nywele zote za Dama.