Dereva wa Jumapili

Asubuhi ya siku ya kawaida, Shelui. Malori yanaanza kunguruma kwenye yadi ya maegesho, lakini Aneth Kitundu, karani wa getini, hajagusa hata chai. Kwanza anaiuliza kompyuta swali lake la kila siku.

Swali lenyewe ni mistari sita ya amri, aliyoiandika mwenyewe baada ya kusoma kompyuta Singida mjini. Mashine hupitia orodha ya madereva waliolala hapo na kulinganisha kila jina na lile analolitafuta. Yakifanana herufi kwa herufi, huandika YUPO. Yasipofanana, HAYUPO.

Kwa miaka mitatu jina hilo lilikuwa Leonidas Kitundu. Ni baba yake. Aliondoka Misigiri na lori la vitunguu Aneth akiwa na miaka saba. Sasa ana ishirini na sita.

"Kazi hii niliiomba kwa sababu ya barabara," anasema bila kuficha. "Dereva gani asiyepita Shelui?"

Jibu likawa HAYUPO, kila siku. Mashine ya watu haikukosea, ilifanya ilichoagizwa.

Mwezi uliopita Mama Festo, anayewapikia madereva uji, alichungulia kioo cha kompyuta akacheka.

"Mwanangu, huku barabarani nani anaandikisha jina la kitambulisho? Mimi mwenyewe unaniita Mama Festo. Mtu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza."

Mtoto wa kwanza wa Leonidas ni Aneth.

Akafuta jina lile, akaandika Baba Aneth, kisha akairudisha kompyuta kwenye orodha zote za nyuma. YUPO. Mara nne, zote Jumapili, siku ambayo yeye huimba kwaya na mwenzake Joshua hushika geti.

"Nililia mpaka nikaona aibu," anasema. "Akina Baba Aneth ni wengi, najua. Lakini Joshua anamkumbuka."

"Mzee mpole," anasema Joshua. "Nilimwamkia shikamoo, akauliza kama kuna mtu wa Misigiri hapa. Nikamwambia yupo dada mmoja, ila leo yuko kanisani. Akasema atapita siku nyingine."

Aneth ameaga kwaya. Leo ni Jumapili ya nne anakaa getini mwenyewe, kalamu mkononi, kompyuta imezimwa.

"Akija, sitaki mashine iniambie," anasema, macho barabarani. "Nataka anitajie jina yeye mwenyewe, mimi niandike."