Lori la Mzee Shabani

Nakumbuka asubuhi ile pale Igowole, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi, mwenyekiti wa kijiji alipotuita uwanjani kututangazia kwamba nchi imevamiwa na jeshi linahitaji magari. Nilikuwa kijana, mwanangu, sina mke wala ndevu za kutosha. Leo nimezeekea huku Ilomba, na ninyi vijana mnaniuliza kwa nini mbolea inapanda bei kila watu wakipigana katika nchi msizozijua. Mimi huwajibu kwa habari ya lori moja.

Lilikuwa lori la Mzee Shabani, mwenye duka, ambaye babu yake alitoka pwani. Lilipeleka viazi vyetu Iringa mjini, likarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Dereva wake alikuwa Lukelo, rika langu, tuliyechunga naye ng'ombe. Hapo ndipo moyo wangu ulipopata ugonjwa. Lukelo akipiga honi kwenye kona ya kanisani, wasichana walitoka majikoni na unga mikononi. Semkiwa naye alitoka, yule ambaye mimi nilikuwa nikimpasulia kuni bila hata kuombwa! Nikiisikia honi ile, niliisukuma sahani kando. Nilimwonea wivu dereva, kisha nikamwonea na mwenye gari. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele, zote za kujitungia.

Mwenyekiti naye alikuwa na donge lake. Watu walimwamkia Mzee Shabani kabla yake, na jambo hilo lilimla.

Afisa wa jeshi aliyefika siku ile alikuwa mtu muungwana. Akauliza, "Tukilichukua lori hili, mavuno yenu mtayasafirisha na nini? Kama litawakwamisha, semeni, tuangalie kijiji kingine."

Mwenyekiti hakugeuka kututazama. "Chukueni tu, afande. Hilo linamneemesha mtu mmoja."

Nikapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Mzee Shabani akatoa funguo, akasema nchi ni yetu sote, akamfungia Lukelo chakula cha njiani. Lori likaondoka, Lukelo akiliendesha kwenda vitani, nami nikarudi nyumbani nikiimba.

Vita vile vilikuwa vya haki, sikatai. Mtu akivunja mlango wako huwezi kumkaribisha kiti. Lakini vita havina macho, ndiyo maana kiongozi anatakiwa awe nayo. Viazi tulivirundika kando ya barabara, hakikupita chombo cha kuvibeba. Mvua ikavinyeshea, vikaoza, na uvundo ukatufuata hadi kanisani. Nguo tukafulia majivu. Baba alisimama mbele ya rundo letu, akaligusa kwa kidole cha mguu, akaondoka.

Mama akanituma dukani. Nikamkuta Mzee Shabani anafunga mizigo, ahamie kwa nduguze Ipogolo, kule Iringa mjini.

"Shikamoo, mzee. Naulizia chumvi."

"Marahaba. Chumvi ilikuwa inakuja na lori." Akaendelea kukaza kamba. "Siku ile nilikuona ukipiga makofi."

Nikainama.

"Ulidhani ni langu," akasema. "Jina lilikuwa langu, ndiyo, ila mgongoni lilibeba jasho la baba yako. Mwenyekiti alitaka kunishusha mimi, akawaangusha ninyi nyote. Mwenye wivu akiwa na jembe, hasara ni yake. Akipewa kiti, mwanangu, inakuwa njaa ya watu."

Lori halikurudi. Lukelo alirudi, akichechemea, na Semkiwa akaolewa naye hivyo hivyo. Nilicheza kwenye harusi yao meno nje, roho inawaka. Hata sasa, nikisikia wajukuu wao wamekwenda kuwasalimu, kitu hunibana hapa kifuani. Wivu hauzeeki, anayezeeka ni yule anayeubeba.

Basi sikiliza. Kesho utaomba kura, au utamchagua anayeomba. Akija mtu kukuchekesha kwa kumdhalilisha mwenye kinu, mwenye duka au mwenye trekta, usikimbilie kushangilia. Muulize kwanza: huyu akianguka, tutasaga wapi? Na siku nchi ikilazimika kupigana, mtafute kiongozi anayewauliza wakulima kabla ya kujibu kwa niaba yao. Risasi hulia mbali, lakini sufuria linalokauka ni la mama yako. Usiionee wivu nyota ya mwenzio; yake ikizimika, yako haiongezi mwanga.

Ukiona donge linapanda, na litapanda, limeze, kisha nenda kamsaidie mwenzio kupakia.

Mungu akupe moyo mpana kuliko shamba lako. Akujalie majirani wenye neema, nawe uwatazame bila kuumia. Nenda na amani, mwanangu, ukaishi na watu.